Shika Vibaya Kama Kendi

Baba,

Mashine inasaga. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata hujauliza kama mimi ni mzima au kama Mama amekula. Leo ni Jumamosi, soko la Kanyakine limejaa, na hapa ninapokuandikia, kwenye benchi lako la mlangoni, unga umeshanipaka nywele zote. Ungekuwepo ungeniita nyanya mwenye mvi. Sawa, niite.

Nimechelewa kukuandikia. Ni miezi mitano sasa tangu uanguke pale kwenye migomba, na muda wote huo nimekuwa nikijiambia nitaandika kesho. Siku ya mazishi nilisimama mbele ya watu wote wale nikasoma wasifu wako kwa Kiingereza. Kiingereza, Baba! Ungeyasikia yale maneno ungeuliza ni nani huyo amekufa. Sikulia. Watu wakasema Kendi ana moyo mgumu, masomo yamemkausha. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nimekukosea, na niliogopa kwamba nikifungua mdomo kulia, kosa langu ndilo litakalotoka kwanza.

Wacha nilitoe sasa.

Krismasi iliyopita ulikuwa umelala chini ya mashine ukipaka grisi, miguu tu ndiyo inaonekana, na mimi nimeketi hapa hapa na simu yangu. Ukaniuliza kutoka huko chini, "Kendi, hebu nielezee hii kitu unasoma. Polepole, mpaka niielewe." Na mimi, bila hata kuinua macho, nikajibu, "Baba, ni ngumu. Utachoka bure." Kisha ukasema, "Sawa, mwalimu," ukaendelea na grisi yako.

Hukukasirika. Ungekasirika, ungenirushia lile tambara la mafuta kama ulivyozoea, ningelala usingizi. Lakini ulisema kwa upole, kama mtu aliyepita kwenye boma la wenyewe akaomba maji, akaambiwa yamekwisha. Hukuuliza tena. Ukabaki ukiwaambia wateja kwamba binti yako yuko chuoni Embu anatafuta madini kwa kompyuta, mpaka Mama Karimi akanishika mkono siku moja kuniuliza kama dhahabu iko upande wa mto au upande wa mlima. Siku hiyo nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikikumbuka sasa sioni cha kuchekesha, maana hukuwa na lingine la kuwaambia. Mimi ndiye niliyekunyima.

Sasa sikiliza habari ya mkanda, maana ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Baada ya mazishi Mama alifunga kisiagi. Wanawake wakawa wanapita na mahindi yao kwenda kusaga Nkubu, na kila anayepita anaangalia kufuli, halafu anaangalia nyumbani. Mwishowe Mama alichoka kuangaliwa, akafungua. Alishika kazi yako vizuri, usiwe na wasiwasi. Anang'ata punje moja ya kila gunia kujua kama mahindi yamekauka, sawa na wewe. Mimi nilijaribu, jino likalia "kat", nikaacha. Basi alisaga wiki mbili, ya tatu mkanda ukakatika. Si katikati, ulikatika pale pale ulipoushona.

Mimi nilikuwa Embu nasimamia mtihani. Mama akampigia Fundi Yusufu wa Kinoru, yule uliyekuwa ukinunua mikanda kwake na kumsumbua kwa maswali. Fundi akaja siku hiyo hiyo, hakutaka hata kunywa chai kwanza. Aliuangalia mshono wako, akautazama tena, akasema, "Na mzee alikuwa fundi, jamani. Hii nayo alishona aje?" Akakata ncha zilizochakaa, akaunyoosha mkanda, akaushona sawasawa, mafundo ya ile kamba ya ngozi yakaangalia nje ili upande laini ulalie magurudumu. Kazi safi. Mwalimu wa ufundi angempa mia kwa mia.

Mama alikuwa amenipigia mimi pia, nikapanda matatu mtihani ulipokwisha, nikafika Fundi anawasha injini. Dizeli ikanguruma, mkanda ukazunguka, mahindi yakaingia, unga ukatoka. Fundi akanipungia mkono kuonyesha kila kitu kiko sawa. Halafu nikamwona Mama anatoka nyumbani, anateremka mbio, leso imefungwa nusu, mwiko mkononi.

"Mbona haisagi?"

Nikamwambia inasaga, Mama, si huo unga. Akautazama unga kana kwamba si unga. Akasema, "Simsikii."

Nikadhani hakusikia injini. Injini ile inasikika mpaka kwa chifu! Akaketi juu ya debe, akauweka mwiko magotini, akasema polepole kwamba tuuze. Tuuze mashine, tuuze na mabati. Hataki kukaa nyumbani asikie injini peke yake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ule mlio, Baba. Pa-pa, kimya. Pa-pa, kimya. Mafundo ya kamba yakigonga gurudumu la injini halafu la kinu, kisha mzunguko mmoja mzima hayagongi kitu, kisha yanagonga tena. Miaka hii yote Mama amepika, amelima, amefua, huo mlio ukimwambia kwamba uko chini pale na uko mzima. Fundi Yusufu alikuwa ameunyamazisha kwa kufanya kazi yake vizuri.

Na mlio wenyewe nani aliuleta? Si wewe. Usinitolee macho, leo tunasema ukweli wote.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa nyumbani nasubiri matokeo. Mkanda ulikuwa umekatika, foleni ya kina mama imefika barabarani, ukaniita nishike ncha moja ushone. Mimi nilikuwa na hindi la kuchoma mkononi. Nikashika ncha kwa mkono wa kulia na kula kwa wa kushoto, kisha mkono ukachoka nikabadilisha, na katika kubadilisha ncha ikageuka, juu ikawa chini. Sikuona. Wewe nawe hukuona, ulikuwa unanigombeza kuhusu kula kazini. Ukashona huku unagomba, ukafunga fundo la mwisho, ukawasha. Pa-pa, kimya.

Ukazima. Ukauzunguka. Ukaona mkanda umejisokota nusu upande mmoja, ukaniambia, "Kendi, umeniharibia mkanda na hindi lako." Ulitaka kuukata lakini kina mama wakapiga kelele, tusagie kwanza, utatengeneza hata usiku. Ukawasagia mpaka jioni. Na mkanda haukutoka kwenye magurudumu, haukuwaka, haukufanya lolote baya.

Ile jioni tukiwa wawili ulichukua chaki ya kuandikia magunia majina, ukaibana kwenye mkanda, nami nikazungusha gurudumu kwa mkono. Mstari ukaenda, ukaenda, ukapita kwenye mshono, ukaendelea, na ulipokuja kukutana na mwanzo wake tulikuta umechorwa pande zote mbili. Nawe hukuinua chaki hata mara moja! Ukaketi kwenye debe. Ukasema, "Mwari, huu mkanda una upande mmoja." Tulicheka mpaka Mama akatuma mtu aje kuona kama tumelewa.

Na tangu siku hiyo mikanda yako ikawa inadumu, kwa sababu ilikuwa inachakaa ndani na nje sawasawa badala ya kuisha ndani tu. Ukaanza kujigamba. Kila mgeni aliyeuliza alionyeshwa. "Hii nilitoa kwa kichwa yangu." Kichwa yako! Nilikuwa nikitoka chuo likizo nakukuta ukisema hivyo na nanyamaza, huku nimeuma midomo. Nakiri iliniuma kidogo, mara nyingine si kidogo.

Basi nikarudi kwa Fundi Yusufu nikamwambia azime, akate. Akaniuliza nikate nini, dada yangu, si umeona inafanya kazi? Nikamwambia tunarudisha msokoto. Mtu mzuri yule, hakunicheka. Alisema tu kwamba haoni haja, maana huo msokoto utakaa siku mbili tatu, mkanda ukivutwa na kuzunguka utajinyoosha wenyewe.

Nikasema hauwezi. Akasema kila kitu kilichopinda kikivutwa kinanyooka. Nikamwambia jaribu, Fundi. Tulichukua kipande alichokata, nikakigeuza nusu, nikakibana ncha kwa ncha kwa klipu ya karatasi, nikampa. Akakivuta, akakisukuma, akauhamisha msokoto kutoka huku kwenda kule, akaukandamiza kwenye goti. Ulihama tu. Haukwisha. Kina mama wakaacha magunia wakaja kutazama, Mama Karimi naye akajaribu, akashindwa, akaniambia kuna uchawi. Nikasema hakuna uchawi, Mama Karimi, kuna kukata tu. Usipokata, utauvuta mpaka mwaka ujao.

Nikajisikia ninavyosema. Nikasimama na kipande cha mpira mkononi, mdomo wazi, kwa sababu hicho ndicho nimekuwa nikikisoma miaka minne. Hicho hicho. Ndicho ulichoniuliza ukiwa chini ya mashine, na mkanda wenyewe ulikuwa juu ya kichwa chako ukining'inia. Hapo ndipo nililia, Baba. Nililia mbele ya foleni nzima. Mama Karimi alinifuta kwa leso yake yenye unga, nikawa na uji usoni.

Kwa hiyo jibu lako ni hili. Nimelichelewesha, lakini lipokee.

Kuna vitu vinavyopitisha umeme, kama waya wa shaba, na kuna vinavyouzuia, kama mpira wa mkanda. Hilo unalijua tangu ulipopigwa shoti na ile taa ya dukani. Lakini kuna mawe mengine, kama haya ya bismathi na seleniamu ninayoyapigia hesabu, ambayo ndani yanazuia na nje, kwenye ngozi yake, yanapitisha. Hayajapakwa kitu. Ukiikwangua ngozi, ile inayobaki nayo inapitisha. Ukilipasua jiwe, pale palipopasuka napo panapitisha. Watu waliojua mengi walikaa wakajiuliza ni kwa nini.

Ni msokoto. Zile chembe zinazobeba umeme, elektroni, zinatembea ndani ya jiwe kama mawimbi, na mawimbi hayo yamejipanga kwa mzunguko, yanatoka na kurudi yalipoanzia. Katika mawe mengi mzunguko umefungwa vizuri, kama alivyofunga Fundi Yusufu. Katika haya yangu umefungwa vibaya. Huwezi kuuonyesha msokoto wenyewe kwa kidole, kwa sababu haukai mahali pamoja, ni wa mkanda mzima. Ndiyo maana vumbi haliuondoi, na ufa hauuondoi, na jiwe likiwa na kasoro hapa na pale bado unabaki. Uchafu wenye sumaku ni hadithi nyingine, nitakueleza siku nyingine.

Sasa ngozi. Hewa ya nje haina msokoto. Jiwe lina msokoto. Pale vinapokutana lazima msokoto uishe, na wewe na mimi tunajua hauishi bila mkanda kukatwa. Basi jiwe lote limezungukwa na mahali pa kukatia, na pale palipokatwa ndipo umeme unapopata njia ya kupita. Kazi yangu kule Embu ni kukaa mbele ya kompyuta na kuhesabu, jiwe hili lina msokoto au halina? Ndiyo au hapana. Maprofesa wangu wakinisikia watasema nimerahisisha. Waseme.

Umeona? Dakika tano. Ningekwambia zile dakika tano ukiwa chini ya mashine ungetoka na grisi usoni, ungechukua chaki, ungeanza kunifundisha mimi. Najua ungeniambia mambo ambayo hayako kwenye kitabu chochote. Hilo ndilo linaloniuma, na sijui kama litaacha.

Sijamaliza. Lililobaki ndilo zuri.

Siku hiyo ya mkanda, nilipomaliza kulia, Fundi akakubali, akaufungua mshono wake mwenyewe, akaanza kutafuta mtu wa kushika ncha. Nikanyoosha mkono. Mama akaondoka kwenye debe, akanisukuma pembeni kwa mwiko. Akashika ncha ya mkanda kwa mkono wa kulia. Akaipeleka kwenye wa kushoto. Ikageuka, juu ikawa chini. Hakuna aliyemwonyesha, wala hakuwepo siku ile ya hindi. Nikamuuliza alijuaje.

Akasema, kwa Kimeru, huku macho yake yako kwenye mkanda, kwamba kila mkanda mpya uliokuwa ukishona mimi nikiwa chuoni ulimwita yeye ashike. Na kila mara ulimwambia maneno yale yale. "Shika vibaya kama Kendi."

Miaka yote hiyo, Baba! Wageni unawaambia ni kichwa yako, na Mama unamwambia ni Kendi. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema ulimkataza. Ulisema, huyo ukimwambia atajiona, hataosha tena vyombo.

Mzee wewe. Mzee mjanja, mwizi wa misokoto ya watoto. Nilitaka kukugombeza na nilitaka kukukumbatia, na hukuwepo kwa lolote kati ya hayo mawili.

Fundi akashona. Safari hii mafundo hayakuwa na ndani wala nje, maana mkanda wenyewe hauna. Akawasha. Sote tukanyamaza, hata wale waliokuwa wakigombania nafasi. Pa-pa. Kimya. Pa-pa. Kimya. Mama alisimama ameinamisha kichwa mpaka mkanda ukazunguka kama mara ishirini hivi. Kisha akasema, "Haya, mukimo yangu inaungua," akaupanda mlima na mwiko wake. Neno la kuuza sijalisikia tena. Mukimo uliungua kweli, na tuliula, na ulikuwa mtamu.

Sasa nikuage, foleni imeanza kuniangalia vibaya.

Kile kipande cha mkanda nilikibeba, kiko mezani pangu Embu, bado kimebanwa na klipu. Juma lililopita mwanafunzi mmoja kutoka Kanja, msichana mwenye aibu nyingi, alikuja ofisini akaniuliza, "Madam, hii kitu yako nayo ni nini?" Nilisikia neno "ngumu" likija mdomoni, lilikuwa limefika kwenye meno. Nikalimeza. Nikampa kipande na chaki, nikamwambia chora mstari usiinue mkono. Alipofika mwanzo akaangalia upande wa pili, akacheka kicheko chako kabisa.

Hiyo ndiyo ahadi yangu. Mtu yeyote akiniomba nimweleze polepole mpaka aelewe, awe mwanafunzi, awe Mama Karimi, nitaweka simu chini na nitamweleza. Na siku nitakayosimama mbele ya maprofesa kutetea kazi yangu, nitaingia na mkanda, na wakiniuliza wazo hili nililipata wapi nitasema nilifundishwa na mshonaji wa mikanda wa Kanyakine, mtu mwongo sana, baba yangu.

Lala vizuri. Usisikilize injini, sikiliza mkanda. Utakatika tena, mikanda yote hukatika, na nitakuja kutoka Embu siku hiyo hiyo kushika ncha. Nitakuja na hindi langu, na nitaishika vibaya.

Mwanao,
Kendi